Mjumbe Hauawi, Lakini Hujiua

Mjukuu wangu, hongera. Usaili umepita, jina limetoka, na karibuni utaitwa Afisa Mambo ya Nje. Hapa Kilindoni vijana wenzio wameshaanza kukuita balozi, nawe unacheka. Cheka, lakini usiitikie. Balozi huteuliwa na Rais. Wewe unakwenda kuandika kumbukumbu za vikao, kupokea wageni uwanja wa ndege na kubeba mafaili ya wakubwa. Basi kabla hujavuka kwenda Nyamisati, nisikilize. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Mimi naongeza kwamba wajumbe wengi hujiua wenyewe.

Kwanza, ujue watu wa kazi hiyo walikifanya nini kisiwa chako hiki cha Mafia. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba Unguja, Pemba na Mafia ni milki ya Sultani wa Zanzibar. Haikupita hata miaka mitano. Tarehe 1 Julai 1890 walitia saini mkataba mwingine, kule Berlin. Ujerumani ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Uingereza ikaachiwa Zanzibar iwe chini ya himaya yake. Na katika karatasi hiyohiyo Waingereza wakaahidi kumshawishi Sultani awaachie Wajerumani mwambao wa bara pamoja na Mafia. Sultani akalipwa marki milioni 4, mambo yakaisha. Hakuulizwa mtu wa Chole, wala wa Jibondo, wala wa Juani. Mwaka 1915 Waingereza wakaiteka Mafia ili waisake manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Bendera ikabadilika, na safari hiyo pia hatukuulizwa.

Sikwambii haya ili uwe na kinyongo. Walioyafanya wamekufa zamani. Ila zingatia kwamba walikuwa mahodari: wana lugha, wana adabu za mezani, wanajua sheria. Uhodari wao ndio uliotugawa. Kwa hiyo usidhani kusoma vizuri kunatosha. Kila utakapoketi kwenye meza ya mazungumzo, jiulize nani hayupo pale ambaye jambo hilo litamfika. Ikiwa ni makubaliano ya uvuvi wa bahari kuu, mwenye ngalawa Jibondo hayupo. Ikiwa ni mkataba wa ajira za Ghuba, hayupo binti atakayenyang'anywa pasipoti siku ya kwanza kazini. Wewe ndiye uliyetumwa na hao, hata kama hawajui jina lako.

Na soma. Mkataba huohuo wa 1890 ulichora mpaka wa Ziwa Nyasa ufuate ufuko wa upande wetu. Malawi inayashika maneno hayo mpaka leo, nasi tunasema mpaka upite katikati ya maji. Waliotia saini wamekuwa udongo, na mzozo ungali hai. Basi usiipitishe sentensi usiyoielewa kwa kuwa saa ya chakula imefika. Soma viambatisho, tazama ramani, uliza. Aibu ya kuuliza huisha siku hiyohiyo.

Pili, ulimi. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Chuo cha Diplomasia pale Kurasini, ambacho Tanzania na Msumbiji zilikianzisha pamoja mwaka 1978, leo kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim. Usiishie kulisoma langoni. Yasome maisha yake. Mtoto wa Pemba, alifanywa balozi wetu Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Mwaka 1970 akapelekwa Umoja wa Mataifa. Oktoba 1971 China ya Beijing ilipopata kiti chake, wajumbe wa nchi zilizoiunga mkono walishangilia ukumbini, wetu wakiwamo. Miaka kumi baadaye Salim aligombea Ukatibu Mkuu wa Umoja huo, Marekani ikamzuia kwa kura ya turufu, raundi baada ya raundi. Wengi wanaamini usiku ule wa 1971 haukusahauliwa. Simlaumu, msimamo ulikuwa wa nchi na ulikuwa wa haki. Nakuonya tu kwamba kila unachofanya hadharani kuna mtu anakiandika daftarini. Siku hizi daftari lenyewe ni simu: picha ya sherehe, utani kwenye kundi la WhatsApp, maoni yako juu ya uchaguzi wa nchi uliyomo. Na ukizuiwa, usisuse. Salim hakususa, tangu 1989 hadi 2001 aliongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika.

Tatu, kinga. Utapewa pasipoti ya kidiplomasia, na shetani atakunong'oneza kwamba polisi hawakuwezi. Mkataba wa Vienna wa 1961 unasema kinga imewekwa ili kazi ya nchi ifanyike, si kwa faida ya mtu. Unakutaka utii sheria za nchi uliyomo, unakukataza kufanya biashara yako binafsi huko, na nchi yako inaweza kukuvua kinga hiyo. Lipa kodi ya nyumba. Lipa faini ya gari. Msaidizi wa nyumbani utakayemchukua kutoka huku, mpe mshahara wake kamili na mwachie pasipoti yake. Wapo waliozifedhehesha nchi zao kwa jambo hilo tu.

Nne, mwaliko. Unayajua masimulizi ya miji yetu ya kale, Kua na Kisimani. Wenyeji wa mji mmoja waliwaalika jirani zao katika shughuli ya kushusha chombo, wakawaulia watoto. Waliofiwa wakanyamaza. Miaka ikapita, nao wakaalika harusi, wageni wakaingizwa chumbani, mlango ukajengewa kwa mawe. Iwe yote yalitokea au mengine yameongezwa na wasimuliaji, maana yake inakuhusu. Kazi yako yote inasimama juu ya mtu kukubali kuja ukimwita. Ukimghilibu mwenzio leo ukashinda, kesho hatakuja, na utamhitaji. Kua ni magofu, Kisimani imeliwa na bahari, na ubaya wao ndio unaosimuliwa.

Mengine ni ya maandalizi. Kiingereza unacho, ongeza Kifaransa au Kireno, kwa kuwa Wakongo, Wakomoro na Wamsumbiji ni jirani zetu. Kiarabu ulichoanza madrasa kikamilishe. Kiswahili usikionee haya, Umoja wa Afrika umeshakifanya lugha ya kazi tangu 2022. Posho ya kituoni isikulevye, maana mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: muda ukiisha utarudi Dodoma kwa mshahara uleule wa mwanzo. Jenga nyumba yako mapema, tena hapa. Na ukubali mapema kwamba baadhi ya misiba yetu utaisikia kwa simu.

Jambo la mwisho nakuomba, wala si zawadi kutoka Ulaya. Kila likizo uje Mafia, ukae barazani na gatini na watu wasiojua kazi yako ni nini, uwaulize bei ya samaki, bei ya mafuta ya boti, na habari za hospitali. Majibu yao uende nayo mkutanoni. Afisa asiyejua hali ya waliomtuma hana cha kusema kwa niaba yao, hata akisema kwa lugha saba. Nenda, Mungu akulinde.