Joho, Vitabu na Timotheo



Ifikapo Juni na Julai, baridi huvishukia vilima vya Tarime, na hata kule Mugumu watu hutafuta makoti jioni. Zamani tulizunguka moto jikoni, bibi akatupa hadithi. Siku hizi simu ya mkononi hutuletea tamthilia kwa intaneti, hata zile za Kituruki zilizotiwa Kiswahili, sehemu baada ya sehemu mpaka usiku wa manane. Wengine, kama mimi, hupenda pia riwaya. Je, ni vibaya Mkristo kujifungia ndani hivi?

Sidhani. Mtume Paulo akiwa kifungoni alimwandikia Timotheo amletee joho lililobaki Troa, pamoja na vitabu, tena ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi (2 Timotheo 4). Mtu aliyekaribia kufa hakuona haya kutaka nguo ya joto na kitu cha kusoma. Basi aliyelima kutwa asihukumiwe kwa tamthilia yake, wala msomaji asijione bora kuliko mtazamaji. Hadithi njema hutuingiza katika moyo wa mwingine. Nilipoisoma Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, nilimwona Zakaria, baba mlevi na mkali, nikazikumbuka nyumba ninazozijua hapa hapa kwetu.

Lakini hatari ipo. Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, aliungama kwamba alipokuwa mwanafunzi alimlilia Dido, malkia wa hadithini, asiililie roho yake mwenyewe. Tena aliona kwamba mtazamaji wa mchezo haitwi kusaidia. Huitwa kusikitika tu. Huruma ya namna hiyo haigharimu kitu, nayo yaweza kutudanganya kwamba tumekwisha kutenda wema.

Julai mwaka jana nilikuwa nimejifunika blanketi, nikitazama tamthilia ya mtoto yatima, na machozi yakinitoka. Nikasikia, "Hodi, mwalimu! Bibi anatetemeka sana." Alikuwa mjukuu wa jirani, mtoto asiye na baba wala mama. Nikamjibu pasipo kufungua mlango, "Mwambie nitakuja asubuhi, mwanangu." Asubuhi nikakuta bibi amekwisha kupelekwa hospitali kwa pikipiki, na kijana ambaye mimi nilizoea kumwita mhuni. Bibi alipona, lakini si kwa msaada wangu. Yatima wa kwenye kioo nilimlilia. Yatima wa barazani nilimrudisha gizani.

Tangu siku ile nimeisoma tena barua ya Paulo. Aliomba joho, akaomba vitabu. Lakini kabla ya hivyo, na tena mwishoni, alimwomba Timotheo mwenyewe aje. Joho halimshiki mgonjwa mkono, wala kitabu hakiitikii hodi. Bwana wetu naye aliwaita wanafunzi wake wakapumzike faraghani. Umati ulipowafuata, hakuufukuza, bali aliuhurumia (Marko 6).

Kwa hiyo, ndugu zangu, tupumzike bila kujilaumu. Ila kabla ya kufunga mlango jioni, kila mmoja apite kwa jirani mmoja aliye peke yake, au amkaribishe waote moto na kutazama pamoja. Na hodi ikisikika katikati ya sehemu tamu, tuinuke. Tamthilia itangoja.

Mungu atusaidie. Amina.