Bwana Anatembea Kambini: Neno juu ya Minyoo, Wanyama wa Nyumbani na Wasiwasi

Masomo: Kumbukumbu la Torati 23:9-14; Mathayo 6:25-34; Mithali 12:10



Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya jambo ambalo limesumbua jamaa nyingi hapa makazini, na ambalo limeanza kuleta ugomvi kati ya majirani. Ni hofu ya minyoo na wadudu wanaotoka kwa mbwa na paka tunaokaa nao.

Wako akina mama wasiopata usingizi. Mtoto akijikuna, tumbo likijaa, au akikataa chakula, mama anasema moyoni: ni yule paka. Wako waliokwenda kwa jirani na kumwambia, "Mbwa wako ametuletea ugonjwa," na tangu siku hiyo hawasalimiani kwenye bomba la maji, ingawa Jumapili wanakaribia meza moja ya Bwana. Tumesikia hata habari za kutega sumu. Wapendwa, jambo lililofika hapo si dogo tena.

Kwanza tusiwadharau wanaofuga. Wengi wetu tulifika Uganda mikono mitupu. Mbwa analinda kiwanja usiku. Paka analinda mahindi na maharage ya mgao yasiliwe na panya, na wale waliotoka Ituri wanajua kwamba panya na viroboto wake wanaweza kuleta tauni. Tena yuko mtoto aliyepotezana na rafiki zake njiani, na sasa rafiki yake ni kitoto cha mbwa. Nabii Nathani alipomwendea Daudi, alimsimulia juu ya maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu, aliyekula chakula chake na kulala kifuani pake (2 Samweli 12). Nabii hakumcheka maskini yule. Na Mithali 12:10 inatufundisha kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake.

MUNGU HAKUNGOJA NYUMBA ZA MAWE

Katika somo la kwanza, watu wa Israeli wametoka kupigana na adui na wamepiga kambi. Wanakaa katika mahema. Hata hivyo Musa anawaagiza wawe na mahali pa kujisaidia nje ya kambi, na kila mtu awe na kifaa cha kuchimbia, achimbe shimo na kufukia. Je, sababu ni nini? Ni kwamba Bwana anatembea katikati ya kambi.

Tuangalie vizuri. Mungu hakusema, "Ngojeni mpaka mtakaporudi kwenu, ndipo nitawatembelea." Alitembea kambini, kati ya mahema, akaangalia hata kinyesi kimefukiwa au hakikufukiwa. Kwa hiyo mtu asiseme, "Hapa si kwetu, kwa nini nisafishe?" Mahali Bwana anapotembea ni mahali pa kusafishwa, hata kama tutakaa hapo mwaka mmoja tu.

KILA SIKU NA TAABU YAKE

Bwana Yesu anatufundisha tusihangaikie kesho, kwa maana kila siku ina taabu yake ya kutosha. Wengine wanadhani maneno haya yanatuambia tukae tu. Sivyo. Yanatuambia tufanye kazi ya leo, leo. Na katika habari hii ya minyoo tunaona wazi hekima ya Bwana.

Yai la mchango wa mbwa likitoka leo pamoja na kinyesi haliwezi kumwambukiza mtu leo. Linahitaji kukaa kwenye udongo kama majuma mawili au zaidi ndipo liwe na nguvu ya kumdhuru mtoto anayekula udongo. Vijidudu vya paka vinavyoitwa toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, vinahitaji siku moja hadi tano. Safura ya mbwa nayo hukua kwanza kwenye udongo wenye unyevu, ndipo iingie kwenye ngozi ya mguu usio na kiatu na kuacha mstari unaopinda na kuwasha sana. Basi anayezoa kinyesi kila asubuhi amekata njia kubwa ya adui hao, kabla hawajakomaa. Kukesha usiku kucha hakuui yai hata moja. Kazi ya dakika tano asubuhi inaondoa mengi.

Lakini yuko mmoja asiyengoja. Kule Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, ambako ndugu zetu wa Kakuma wanaishi, kuna ugonjwa unaojulikana kwa miaka mingi unaotokana na tegu mdogo sana wa mbwa. Mbwa hula ini au mapafu mabichi ya mbuzi au kondoo mwenye uvimbe wa maji ndani yake. Tegu hukua tumboni mwa mbwa, na mayai yake hutoka na kinyesi na kushika kwenye manyoya. Mtu akiyameza, uvimbe wa maji huota polepole kwenye ini au mapafu yake, kwa miaka, na mara nyingine huhitaji upasuaji. Mayai haya yana nguvu siku ile ile yanapotoka. Kinga yake ni kunawa mikono, na kutompa mbwa matumbo mabichi.

TUSIMTUPIE JIRANI LAWAMA

Katika bustani ya Edeni, Adamu alimtaja mkewe, na mke akamtaja nyoka. Nasi tunapenda njia hiyo. Lakini minyoo mingi inayoonekana kwa watoto wetu haitoki kwa mbwa wala paka. Mchango ule mrefu unaotoka kwa mtoto kwa kawaida umetoka kwa binadamu mwingine, kwa njia ya choo kibovu, mikono michafu na mboga zisizooshwa. Ile minyoo midogo myeupe inayowasha usiku kwenye njia ya haja kubwa ni ya watu, na hupita kutoka mtoto hata mtoto. Ukimuua mbwa wa jirani, minyoo hiyo itabaki, na juu yake utakuwa umeongeza uadui.

Kabla ya kumshitaki mtu, mpeleke mtoto kituo cha afya, kinyesi chake kipimwe. Ni dhambi kumhukumu jirani kwa jambo ambalo hatujalipima.

MAMBO YA KUFANYA

1. Kila asubuhi zoeni kinyesi cha mbwa na paka kwa jembe au koleo. Kitupeni chooni, au kifukieni mbali na maji na bustani ya mboga.

2. Tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, baada ya choo, na baada ya kumshika mnyama au udongo. Asiye na sabuni atumie majivu.

3. Siku ya kuchinja, msimtupie mbwa ini, mapafu au matumbo mabichi. Yafukieni kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua.

4. Mama mjamzito asizoe kinyesi cha paka. Mume au jirani amsaidie. Nyama anayokula iive vizuri, na mboga zioshwe.

5. Watoto wavae ndara, wala wasilale na mbwa kitanda kimoja. Wazazi waangalie funza kwenye miguu ya watoto, na pia kwenye nyayo za mbwa, kwa maana funza hukaa kwa wote wawili.

6. Watoto wapelekwe kupewa vidonge vya minyoo katika miezi ya Aprili na Oktoba, ambayo ni miezi ya afya ya watoto hapa Uganda. Mtoto asipewe dawa ya mbwa, wala mbwa asipewe dawa ya mtoto.

Mtoto akikonda, akitapika mara kwa mara, akitoa damu, au akiwa na uvimbe tumboni, asingojeshwe nyumbani kwa maombi peke yake. Tuombe tukiwa njiani kwenda kituoni. Yule tunayemwomba ndiye aliyewapa waganga akili.

NENO LA MWISHO

Wapendwa, tulikimbia vitu vingi tusivyoweza kuvizuia kwa mikono yetu. Ndiyo maana moyo umezoea kuogopa, hata mbele ya jambo ambalo jembe na sabuni vinaweza kulisaidia. Tumpe Bwana hofu yetu, naye ataturudishia usingizi. Kinyesi kilichoko uani tukizoe wenyewe.

Tunawasihi wale walionuniana kwa sababu ya mbwa au paka: kabla ya Jumapili ijayo, mmoja achukue jembe aende kwa mwenzake, wasafishe mpaka wa viwanja vyao pamoja. Mwenye mbwa amfunge usiku ikiwa anaingia kwa watu. Asiye na mbwa aondoe sumu yake, kwa maana mtoto naye huokota kitu na kukitia kinywani.

Tuombe: Ee Bwana, wewe unayetembea katikati ya kambi, tembea na kwetu. Walinde watoto wetu. Utufundishe kazi ya siku hii, na uondoe mioyoni mwetu hofu ya siku isiyofika. Utupatanishe na majirani zetu. Katika jina la Yesu, Amina.

Mungu awabariki nyote.