Baridi ya Paraná, Pesa za Giheta

Julai 1975, baridi kali iliunguza mibuni ya jimbo la Paraná, Brazili. Kufikia Aprili 1977, ratili moja ya kahawa ilikuwa imepita dola 3 sokoni New York. Giheta, kwenye vilima vya Kirimiro nchini Burundi, hakuna jani lililoungua. Bei ilipanda tu, na wachache waliuliza imetokea wapi.

Tumchukue mkulima yeyote wa pale. Bei ikinona anapunguza shamba la maharage, anachimba mashimo, anapanda miche. Kabla ya kiangazi anakusanya nyasi na majani makavu ya migomba, anayatandaza chini ya mibuni ili udongo ushike unyevu. Kazi ya mgongo hiyo. Na mche hauna haraka: hupita miaka mitatu, hata minne, kabla ya buni za kupeleka mzanini. Miaka hiyohiyo mkulima wa Kolombia naye anachimba, kwa sababu ileile. Kila mmoja amepiga hesabu sawasawa kwa shamba lake. Mavuno yao yakikutana sokoni, bei inaporomoka.

Kwa muda anguko lilizuiwa. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa uliipa kila nchi mgao wake wa kuuza. Julai 1989 wanachama walishindwa kuelewana, migao ikaondolewa, na kwa miezi michache bei ikapungua karibu nusu. Burundi, iliyotegemea kahawa kwa sehemu kubwa mno ya pesa zake za kigeni, ilikuwa imejenga vituo vya kuoshea kahawa kwa mikopo. Deni halikushuka pamoja na bei.

Mkulima naye hakuruhusiwa kung'oa mibuni yake arudishe maharage, sheria ilimkataza. Hilo kwangu ni baya kuliko bei yenyewe. Wakati wa neema serikali ndiyo iliyompangia malipo, faida nono ikabaki serikalini. Dhiki ilipokuja, akaambiwa avumilie shambani.

Mwaka 1994 baridi ilipiga tena Brazili, bei ikaruka, Vietnamu ikapanda mibuni kwa pupa. Kufikia 2001 ratili haikufika senti 50.

Februari 2025 bei ya ratili New York ilipita dola 4. Mche uliopandwa kwa kuifuata bei hiyo utaanza kuzaa 2028 au 2029, na utauzwa kwa bei ya mwaka huo.