Nywele Zilizohesabiwa

Dawa za tibakemikali za kutibu saratani, kama doksorubisini na paklitakseli, hushambulia seli zinazogawanyika kwa kasi, na seli za mashina ya nywele ni miongoni mwa hizo. Wiki mbili hadi nne baada ya dozi ya kwanza, nywele huanza kubaki kwenye mto na kwenye kitana. Hapo ndipo waumini huja na faraja ya haraka: ni nywele tu, zitaota, mshukuru Mungu kwa uhai. Faraja hiyo huletwa na Wakristo, lakini sioni Ukristo wowote ndani yake. Katika Mathayo 10 Yesu anawaambia wanafunzi kwamba nywele za vichwa vyao zimehesabiwa zote. Aliyezihesabu hawezi kuwa anaziona upuuzi, na anayezililia hajapungukiwa imani. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 11, anazihesabu nywele ndefu kuwa fahari ya mwanamke. Kanisa haliwezi kulihubiri fungu hilo Jumapili, kisha Jumatatu limwambie mgonjwa kuwa hajapoteza kitu.

Mtu atauliza: hesabu hiyo ina faida gani ikiwa mwenye kuhesabu hazizuii zisidondoke? Swali ni zito, wala halijibiwi kwa kukimbilia Luka 21:18, palipoahidiwa kwamba hakuna unywele utakaopotea. Mistari miwili kabla ya hapo, wasikilizaji walewale wameambiwa kuwa baadhi yao watauawa. Ahadi hiyo basi haihusu ngozi ya kichwa. Hata shomoro wanaotajwa katika sura ileile ya Mathayo wanaanguka; kinachokanushwa ni kwamba wanaanguka peke yao, Baba asijue. Nakubali kwamba ahadi hii ni ndogo kuliko tunayoitaka, na asiyeamini haimpi ushahidi wowote. Kwa anayeamini, hata hivyo, inang'oa wazo linaloumiza kuliko kipara chenyewe, yaani kwamba nywele zimetoka kwa sababu maombi yake yalikuwa hafifu. Zimetoka kwa sababu dawa haibagui seli.

Wapo wanaonyoa mapema, kabla dawa haijawanyoa. Wana mfano katika Ayubu, aliyenyoa kichwa chake mwenyewe baada ya kupata habari za msiba wa wanawe, ndipo akasujudu. Alichokitoa kwa mkono wake hakikuwa tena kitu alichonyang'anywa. Lakini hili lisigeuzwe kipimo cha ujasiri. Kipara hutangaza ugonjwa kwa kila abiria wa daladala, na anayevaa wigi au kilemba hadanganyi mtu; anachagua nani ajue na lini. Kumsukuma asimame madhabahuni kutoa ushuhuda, angali katikati ya dozi, ni kumdai kuliko alivyodaiwa Ayubu, ambaye marafiki zake walikaa naye chini siku saba bila kumwambia neno. Makosa yao yalianza walipofungua midomo kumweleza sababu ya mateso yake.