Saa Kumi ya Jioni Ina Mwenyewe

Mwalimu, karatasi zako nimezisoma zote, hadi ukurasa wa bajeti. Umeandika vizuri. Umesema kwamba wanafunzi wa sekondari wa hapa Enguserosambu, hasa wa familia zisizo na kitu, vipindi vikiisha hawana shughuli, na kwa hiyo utawapa sanaa: kuigiza, kuchora, ngoma na kushona shanga, siku tano kwa wiki, kuanzia saa tisa na nusu hadi saa kumi na mbili. Hayo maneno "hawana shughuli" nimeyapigia mstari. Kaa hapo, mwanangu. Siku hizi naongea polepole na kurudia kunanichosha.

Wewe umetokea pwani, sikulaumu. Huku ng'ombe wanarudi bomani jua likielekea kuzama, na wanaokamua ni wanawake. Binti ni mkono wa pili wa mama yake. Kabla ng'ombe hawajafika kuna maji ya kuteka, kuni za kuleta na kichanga cha kubebwa. Mvulana ana ndama wa kutenga na mbuzi wa kuhesabu. Na wote wawili, kama ni wa kutwa, wanapiga hesabu ya giza kabla ya hesabu nyingine yoyote, maana njia zetu zinapita kandokando ya msitu, na msitu una nyati na fisi.

Kwa hiyo saa kumi unayoiomba ina mwenyewe, naye ni mama. Unamwomba mwanamke aliyeamka kabla ya alfajiri akamue peke yake, ili binti yake akajifunze kuigiza. Anaweza kukubali, nimewaona wakikubali. Lakini lazima aombwe, tena uende mwenyewe kwa miguu yako. Barua yenye mhuri wa shule, aliyopewa mtoto ampelekee mtu asiyesoma, haijawahi kuomba kitu huku. Inatangaza tu. Ukifika bomani usianze na sanaa. Pokea chai, ulizia mvua, ulizia mifugo, msikilize mzee wa boma mpaka amalize, hata kama anazungumzia mambo ya mpaka na Kenya ambayo hayakuhusu. Kisha mgeukie mama, umuulize ni siku zipi anaweza kumwachia mtoto. Huenda ukapewa siku mbili, na Jumamosi asubuhi. Zichukue na ushukuru. Hizo siku tano ulizoandika zitampendeza mfadhili, ila mfadhili hana ng'ombe wa kukamua.

Na siku hizo mbili nazo zitayumba. Ukame wa 2021 na 2022 uliua mifugo kaskazini yote, na wavulana wengi walishika njia ya Arusha, Dar es Salaam na Zanzibar, kulinda mageti ya watu na kusuka nywele. Mwaka kama huo ukija tena, daftari lako la mahudhurio litakonda. Usiwapige mstari mwekundu. Ukiona mvulana hajaja wiki mbili, uliza ng'ombe wao wamehamia wapi.

Wale ambao kweli saa zao hazina mlinzi ni wengine, na kwenye karatasi zako sikuwaona. Ni wale waliopangishiwa vyumba karibu na shule, wanavyoviita mageto, kwa sababu kwao ni mbali na bweni halitoshi. Serikali iliondoa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, na mwaka 2022 ikaondoa ya cha tano na sita, jambo jema. Kodi ya chumba haikuondoka, wala unga, wala mafuta ya taa. Binti wa miaka kumi na sita anarudi kwenye chumba chenye kufuli dogo la bati, hana mtu mzima wa kumuuliza amekula nini. Huyo kila jioni anahitaji mahali penye taa na watu wengi. Ukiniuliza uanzie wapi, anza na hao. Na usimwache mmoja wao akae na njaa akichora tunda. Uji utakugharimu kidogo kuliko zile ngoma.

Ngoma zenyewe. Umeagiza ngoma sita kutoka Bagamoyo. Nakuheshimu, na Bagamoyo naiheshimu: chuo kile kilichoanza 1981, sasa wanakiita TaSUBa, kimelea wasanii wa nchi hii. Lakini Wamaasai hawapigi ngoma. Sisi tunaimba kwa koo. Mmoja anaongoza, olaranyani tunamwita, wengine wanamjibu na kukoroma chini yake, na miili inashika mwendo. Hata shanga za wasichana zinalia kifuani wanaporusha mabega, na hicho ndicho chombo chao cha muziki. Ukileta ngoma sita watajifunza, watoto hujifunza chochote. Ila utakuwa umewafundisha kwamba sanaa ni kitu kinachoshushwa kutoka kwenye lori. Fedha hizo mlipe nauli olaranyani mzuri aje akae nao. Naye muulize wimbo upi unafaa shuleni, maana kuna nyimbo za morani, kuna za wanawake, kuna za wasichana, na kila mmoja una watu wake na wakati wake. Wimbo wa eunoto, sherehe ya morani, hauimbwi kwenye kufungua choo cha shule.

Nimetaja kufungua choo makusudi. Hapa ndipo nimechoka kabisa, na utanisamehe sauti ikipanda.

Mwezi mmoja tu baada ya kuanza, ofisi zitagundua kwamba una kikundi. Utapigiwa simu: anakuja mgeni rasmi, tunaomba vijana wako watoe burudani. Mgeni ataambiwa saa nne, atafika saa nane. Vijana wako watasimama juani na mashuka mekundu, hawajanywa maji, vipindi vya hesabu vimewapita. Wataruka dakika saba. Mgeni ataruka nao kidogo, atapigwa picha, atasoma hotuba, ataondoka. Wiki ijayo simu nyingine. Nimeona vikundi vya watoto vikifa kwa kupendwa namna hii. Mwisho mzazi anauliza, mtoto wangu anakwenda shule au anakwenda kuruka? Anauliza swali la haki.

Kataa mapema, kwa adabu na kwa maandishi. Mkuu wa shule asaini pamoja nawe kwamba kikundi hakitoki saa za masomo, na kwamba kinaonyesha mara moja kwa muhula, hapa hapa shuleni, siku ya wazazi. Mashindano ya shule, UMISSETA, yakifika na vijana wakitaka kushindana, hilo ni lao, waende. Wakubwa watanuna. Wakikutajia mtaala mpya ulioanza 2024, kwamba sanaa bunifu sasa ni somo la amali, waambie vizuri: somo hufundishwa, haliwekwi kwenye ratiba ya mapokezi.

Sasa kuigiza, maana huko ndiko kwenye moto.

Penina Mlama utakuwa umemsoma, labda kwa jina la zamani, Penina Muhando. Yeye na Amandina Lihamba, wote wa sanaa pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianzisha mwaka 1996 mradi katika shule za sekondari ulioitwa Tuseme. Wasichana walikaa wakachambua wenyewe kinachowaangusha shuleni, wakakitengenezea igizo, wakaliigiza mbele ya shule na jamii yao, kisha yakafuata mazungumzo ya nini kifanyike. FAWE, shirika la wanawake wanaopigania elimu ya wasichana Afrika, wakauchukua ukavuka mipaka. Watu wengi wanaoiga Tuseme huiga igizo na kuacha kilichobaki. Hawaoni kwamba pale mtazamaji ndiye aliyekuwa anasemwa. Mwalimu alikuwa anasemwa, mzazi alikuwa anasemwa, na baada ya igizo aliulizwa.

Tulia ufikirie hilo kwa hapa petu. Binti anaigiza baba anayepokea ng'ombe wa mahari yeye akiwa kidato cha pili. Baba yake yuko kwenye benchi la tatu. Au anaigiza mwalimu anayemwambia alete daftari lisahihishwe nyumbani kwake usiku, na mwalimu wa namna hiyo amekaa mbele, anapiga makofi kuliko wote. Watu watacheka, watalia, wewe utaandika ripoti nzuri. Usiku ule binti analala wapi? Wewe una uhamisho, mwanangu. Mambo yakiharibika utaandika barua utapelekwa Kilosa. Yeye anabaki kijijini, Naan au Ng'arwa, kwa watu aliowasema.

Sikuambii unyamaze. Nimekaa kimya miaka mingi na najua kimya kinafuga nini. Nakuambia uandae mahali pa kutua kabla ya kumrusha mtu. Kabla ya igizo la kwanza, tafuta wanawake wawili watatu wenye heshima yao, na mwalimu wa malezi ambaye wasichana wenyewe wamemtaja, si uliyepangiwa. Nenda kwa laigwanani, kiongozi wetu wa mila, umweleze kila kitu, mpaka sehemu asiyoipenda. Akilisikia kwako kwanza anaweza kukutetea, akilisikia kwa watu atakuwa wa kwanza kukufukuza. Igizo lioneshwe kwa akina mama peke yao kabla ya baraza zima, waseme hiki kibaki, hiki bado. Kisa cha mtu kisitambulike, hata rangi ya ng'ombe ibadilishe. Na tangu ule waraka wa Novemba 2021 uliowarudisha shuleni wasichana waliojifungua, katika kikundi utakuwa na mmoja wao. Usimfanye mfano wa kufundishia wenzake. Mpe nafasi ya mganga, au ya fisi, acheke.

Lugha waachie. Mtoto wa hapa amezaliwa ndani ya Kimaasai, shule ya msingi kasoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza kakuta Kiingereza ubaoni na hakuna aliyemvusha. Yupo anayekaa nyuma ambaye walimu wote wameshamwandika mzito. Mwambie asimulie kwa Kimaasai hadithi ya bibi yake, uone nani mzito. Usiogope kama huelewi. Wenzake watakapocheka utajua amefika.

Rangi na karatasi zisikusumbue sana. Edward Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968 na vipande vya ubao mwembamba na rangi ya kupakia baiskeli, na leo dunia nzima inamjua. Shanga ndizo zitakusumbua, kwa sababu shanga zinauzika.

Umekaa karibu na mama anayeshona? Anazichota na ncha ya waya, hazitazami, anaongea na wewe huku kidole gumba kinahesabu. Kati ya waya na waya anaweka kipande kilichokatwa kwenye dumu la plastiki, zamani kilikuwa cha ngozi. Akikosea rangi moja anafumua mstari mzima, na hataki kuambiwa kwamba mzungu hataona. Usiajiri mkufunzi wa shanga kutoka mjini. Mkufunzi anakamua ng'ombe huko bomani, mlipe yeye, na hapo utakuwa umeinunua saa yake na ya binti yake kwa pamoja, kihalali.

Lakini kazi zikishaisha utajaribiwa. Mtu mwenye duka la vinyago Karatu, kwenye njia ya watalii waendao kreta, atakuja na bei. Atataka hamsini za kufanana, nyekundu na nyeupe tu. Siku hiyo programu yako inageuka karakana, na watoto wanageuka vibarua wasio na mkataba. Ukiuza, uza alichokitengeneza kwa kutaka mwenyewe, na fedha aipokee mkononi, siyo "mfuko wa kikundi" unaoshikwa na mtu mzima mmoja. Nimeiona mifuko ya vikundi. Huwa haina chini.

Na ile hadithi ya George Lilanga usiwasimulie kama ahadi. Ni kweli aliingia Nyumba ya Sanaa pale Dar es Salaam miaka ya sabini akiwa mlinzi, sehemu iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt, akatoka msanii ambaye kazi zake zilitundikwa hadi Marekani. Vijana wetu wanaolinda mageti ni wengi, na mageti mengi hayana Nyumba ya Sanaa nyuma yake. Isimulie kwa wale wa ofisini wanaotaka kujua kwa nini mlinzi apewe brashi.

Limebaki la ufunguo. Kwenye mpango umeandika stoo ya vifaa, ufunguo kwa mratibu, yaani wewe. Novemba kidato cha nne wanafanya mtihani, kuanzia mwezi wa tisa hutawaona, Desemba unakwenda kwenu pwani, na uhamisho nimeshausema. Ufunguo wa kwanza ukae kwa mkuu wa shule kwa sababu ndiyo taratibu. Wa pili mkabidhi msichana wa kidato cha tatu, mmoja wa wale wa mageto, pamoja na daftari la nani kachukua nini na lini. Atapoteza mkasi mmoja au miwili. Mwaka unaofuata amkabidhi mwingine, wewe uwepo au usiwepo, na hilo liandike kwenye ule ukurasa wa bajeti, hapo ulipoandika ngoma.