Mlango wa Kopo

Katika kambi za wakimbizi za Afrika Mashariki ipo milango iliyoundwa kwa makopo ya mafuta ya msaada. Kopo hukatwa mfuniko na kitako, likapasuliwa ubavuni, likanyooshwa kwa nyundo mpaka liwe bamba. Mabamba hupigiliwa kwenye fremu ya mbao, moja likilalia jingine ili mvua isipenye. Maandishi hubaki yakisomeka: hayauzwi.

Hapa Rungwe Mpya huwezi kulipita jambo hili juu juu. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa waliokimbia vita vya Kongo, imo katika wilaya hii hii ya Kasulu. Kopo lilifika likiwa riziki ya mtu aliye safarini. Mlango ni wa mtu anayekaa: hufungwa usiku, hubishwa hodi, humpa mwenye nyumba haki ya kusema karibu. Bati ni lile lile. Maana yake imetoka katika mkono ulioshika nyundo.

Waha, wenyeji wa huku, wanalijua hilo tangu zamani, kwani wahunzi wa Buha, nchi yao, walifua majembe kabla bati la dukani halijaonekana. Na leo nondo nyingi za nchini huzaliwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu. Injini iliyokufa yaweza kuwa ndani ya nguzo ya darasa, na mtoto anayesoma humo hapungukiwi kitu. Chuma huyeyushwa tena na tena bila kupoteza nguvu yake. Alumini iliyorudiwa hula takriban asilimia 5 tu ya nishati ya ile mpya. Mlima haukuchimbwa, na nyumba imesimama.

Basi asili ya chuma si aibu. Lakini njia kilichopitia ina hesabu yake. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na leo wapo wanaong'oa vyuma vya reli na vya minara ya umeme wakaviuza kwa kilo. Nondo iliyotokana na chuma cha wizi huweza kubeba zege sawasawa, ila nyumba hiyo imejengwa kwa kubomoa ya jirani. Huko si kurejeleza, ni kuhamisha uharibifu.

Ewe unayejenga, usione haya kutumia chuma kilichokwisha kutumika. Kipime kama kitabeba mzigo, kisha muulize anayekuuzia amekitoa wapi. Akishindwa kujibu, kiache.