Kabla ya Kisu

Kwa kawaida daktari haanzi kuipasua maiti mpaka mtu wa nyumbani aseme, "Ndiye." Shuka hufunuliwa hadi kidevuni, jamaa hutazama, huitikia kwa kichwa, na jina huandikwa kwenye fomu ya polisi. Si kila maiti hupasuliwa. Nchini Kenya, mtu akijiua, akiuawa, akifa kwa ajali au kwa namna ya kutia shaka, polisi hujulishwa na mwili waweza kupelekwa kwa daktari. Aliyefia mahabusu au gerezani, hakimu hana budi kuchunguza.

Kisha mwili hufunguliwa kutoka mabegani hadi kinenani. Viungo hutolewa kimoja kimoja, hutazamwa, hupimwa uzito. Moyo wa mtu mzima huwa gramu 300 hivi, na mtu huziandika kwa kalamu. Sisi tuliokua tukisikia habari za mizani ya Kiyama twajua si moyo huo utakaopimwa siku ile. Hata hivyo, siwezi kuutazama mzani wa mochari kama chombo tu. Anayeusoma kwa uaminifu anamtolea ushahidi mtu asiyeweza tena kujitetea. (Anayeandika uongo pale, shauri yake na Mola wake.)

Nawaelewa wanaokataa upasuaji huu. Maiti ina heshima yake, na dini yatuhimiza tuharakishe maziko. Lakini kumzika aliyedhulumiwa pamoja na ushahidi wake si kumsitiri yeye; ni kumsitiri aliyemdhulumu.

Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilianza kufukuliwa miili iliyozidi 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyedaiwa kuwaambia wafunge hadi kufa. Dkt. Johansen Oduor, mwanapatholojia mkuu wa serikali, na wenzake waliichunguza mjini Malindi. Wengi walikuwa wamekufa njaa. Wengine, watoto wakiwemo, walionyesha dalili za kukosa pumzi. Bila kisu kile tungeambiwa wote walifunga kwa hiari yao, nasi labda tungeamini. Hapo hapakuwa na wa kusema "Ndiye", kwani nyuso zilikuwa zimeharibika. Ndugu wakatoa sampuli za vinasaba, wakasubiri, na Machi 2024 familia za kwanza zikakabidhiwa watu wao wakazike.

Basi ukiitwa mochari kumtambua mtu wako, nenda. Uliza ni sababu gani ya kifo imeandikwa. Ukiwa na shaka, omba daktari wa familia awepo kabla mwili haujafunguliwa.